Uzio wa mpakani Rudewa: Nani alipe, mkulima au mfugaji?

NG'OMBE akivuka mpaka usiku na kula mahindi ya jirani, kila mtu katika Kata ya Rudewa wilayani Kilosa anajua kitakachofuata. Bwana shamba ataitwa kukadiria hasara, mwenye mifugo atatafutwa, na mabishano ya fidia yataanza. Fidia ikipatikana, mara nyingi huwa imechelewa, na msimu hauwezi kurudishwa.

Lakini kuna swali moja ambalo huwa haliulizwi mapema, kabla ng'ombe hajavuka. Kama uzio ungekuwepo pale mpakani, nani angepaswa kuugharamia?

Swali hilo linaonekana dogo. Hata hivyo, kwa vijiji vya Rudewa, ambavyo mashamba yake ya mahindi na mpunga yanapakana na malisho ya uwanda wa Mkata, ni swali la uchumi na pia ni swali la usalama wa watu.

Desemba 8, 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, wakulima 38 waliuawa katika mapigano na wafugaji. Ni moja ya matukio mabaya zaidi ya aina hiyo katika historia ya Tanzania huru. Mwaka 2008 damu ilimwagika tena wilayani Kilosa, na mapema mwaka 2009 serikali iliendesha operesheni ya kuondoa mifugo wilayani humo.

Watafiti Tor Benjaminsen, Faustin Maganga na Jumanne Abdallah, waliochapisha uchunguzi wao kuhusu mauaji hayo mwaka 2009, hawakukubali maelezo mepesi kwamba chanzo ni uhaba wa ardhi peke yake. Walionyesha kuwa sera za miaka mingi ziliwabana wafugaji, wakapoteza njia za kufikia maeneo yenye maji na majani wakati wa kiangazi. Walieleza pia kuwa rushwa iliwafanya watu wa pande zote mbili wasiamini kuwa ofisi za umma zingewatendea haki.

Funzo la hapo ni kwamba uzio peke yake hauwezi kumaliza mgogoro wa namna hiyo. Lakini makubaliano ya namna ya kuujenga, mahali utakapopita na nani alipe kiasi gani, yanaweza kuwalazimisha majirani kukaa meza moja kabla ya hasara kutokea.

Sheria zinasemaje?

Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001, inamtaka mwenye hakimiliki ya kimila atunze alama za mipaka ya ardhi yake. Sheria hiyo inatambua pia kuwa ardhi moja inaweza kutumiwa na wakulima na wafugaji kwa nyakati tofauti, na kifungu chake cha 11 kinaruhusu vijiji viwili au zaidi kuingia mkataba wa matumizi ya ardhi ya pamoja.

Hata hivyo, sheria hiyo haiweki fomula ya majirani kugawana gharama za uzio wa mpakani. Mkulima akiamua kujenga peke yake, atalipa peke yake. Jirani yake atanufaika bila kutoa senti.

Matokeo yake ni kwamba sheria inakuwa na nguvu baada ya uharibifu, wakati wa kutafuta nani mwenye kosa na fidia ni kiasi gani. Kabla ya uharibifu, kila mmoja anamsubiri mwenzake.

Hata njia ya kutafuta haki baada ya uharibifu si fupi. Baraza la Ardhi la Kijiji, ambalo huwa na wajumbe saba na angalau watatu kati yao ni wanawake, kazi yake ni kusuluhisha. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Baraza la Kata nalo limebaki na kazi ya usuluhishi katika migogoro ya ardhi, bila mamlaka ya kutoa hukumu. Usuluhishi ukishindikana, mlalamikaji anapaswa kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Kwa mkulima wa ekari moja, nauli, siku za kazi zinazopotea na gharama za mashahidi vinaweza kuzidi thamani ya magunia aliyopoteza.

Hesabu ya hatua 70

Sababu kubwa inayotajwa na wakulima wadogo kwa kutojenga uzio ni gharama. Wana haki, lakini kwa sehemu tu. Uzio ni ghali sana kwa mtu mmoja na ni nafuu sana kwa kundi. Hesabu yake inaweza kufanywa na mtu yeyote aliyezoea kupima shamba kwa miguu.

Ekari moja ni hatua 70 kwa 70. Mkulima mwenye ekari moja anayetaka kuizungushia uzio pande zote nne anahitaji hatua 280.

Sasa chukua wakulima 100, kila mmoja na ekari yake, mashamba yao yakiwa yamekaa pamoja katika mraba mmoja. Eneo lote litakuwa hatua 700 kwa 700. Kulizungushia lote kunahitaji hatua 2,800, sawa na hatua 28 kwa kila mkulima. Mzigo wa kila mmoja umepungua mara kumi.

Na si lazima kuzungushia pande zote. Kama malisho yako upande mmoja tu, uzio unaohitajika ni hatua 700, yaani hatua saba kwa kila mkulima. Wafugaji wa upande wa pili wakichangia nusu, mkulima anabaki na hatua tatu na nusu.

Tuseme, kwa mfano tu, kwamba hatua moja ya uzio wa seng'enge pamoja na nguzo na ufundi inagharimu Sh5,000. Mkulima anayezungushia ekari yake peke yake atahitaji Sh1,400,000. Katika kundi la watu 100 wanaojenga upande mmoja, atalipa Sh35,000. Wafugaji wakichangia nusu, atalipa Sh17,500.

Bei halisi itategemea soko, umbali na aina ya nguzo, na mashamba mengi hayajakaa katika mraba uliokamilika. Lakini uwiano haubadiliki sana: kadiri eneo linalozungushiwa kwa pamoja linavyokuwa kubwa, ndivyo gharama kwa ekari inavyoshuka.

Wazee waliolima mashamba ya bega kwa bega enzi za vijiji vya ujamaa wataikumbuka hesabu hiyo kwa sura nyingine. Mashamba yaliyopangwa pamoja yalikuwa rahisi kuyalinda dhidi ya nguruwe na ndege. Mashamba yaliyotawanyika katikati ya malisho yana mipaka mirefu, na kila mpaka ni mahali pa ugomvi.

Wa mbele na wa katikati

Kujenga kwa kundi kuna tatizo lake. Mwenye shamba lililo mstari wa mbele, linalogusa malisho, ndiye anayeumia kwanza. Mwenye shamba la katikati anaweza kusema hahitaji uzio kwa sababu mifugo haijawahi kumfikia.

Ukweli ni kwamba haijamfikia kwa sababu shamba la mwenzake limekuwa ndilo uzio wake. Wa mbele akichoka na kuacha kulima, wa katikati anakuwa wa mbele.

Ndiyo maana mgawanyo ulio wa haki hauwezi kumwachia mzigo yule tu anayegusa mpaka. Kila mwenye ekari ndani ya eneo linalolindwa anapaswa kuchangia kwa ekari zake, hata kama wa mbele ataongezewa kidogo kwa kuwa hatari yake ni kubwa zaidi.

Kuna pia suala la wanaokodi. Si kila anayelima Rudewa analima ardhi yake. Mtu aliyekodi ekari mbili kwa msimu mmoja hawezi kulipia waya utakaodumu miaka kumi. Mgawanyo wenye mantiki ni mwenye ardhi kulipia ujenzi, na mkodishwaji kuchangia ukarabati wa msimu anaoutumia.

Vivyo hivyo kwa mashamba makubwa. Kilosa ni wilaya ya mkonge tangu enzi za wakoloni, na baadhi ya mashamba yalitelekezwa hadi serikali ikafuta hati zake. Shamba kubwa lililogeuka pori linapopakana na wakulima wadogo, mmiliki asiyeonekana ni jirani pia. Anapaswa kupelekewa ankara yake kama wengine.

Mfugaji achangie kwa kipimo gani?

Hapa ndipo maoni yanapogongana. Mkulima husema mahindi hayatembei, ng'ombe ndiye anayetembea, hivyo mwenye ng'ombe ajenge. Mfugaji hujibu kuwa malisho yalikuwepo kabla ya shamba, na aliyekuja kulima njiani ndiye ajizungushie.

Mvutano huo haukuanzia Kilosa. Katika majimbo ya magharibi ya Marekani sheria nyingi za karne ya 19 zilimtaka mkulima ajenge uzio kuzuia mifugo isiingie, wakati kwingineko mfugaji ndiye aliyetakiwa kuizuia isitoke. Seng'enge, ambayo Joseph Glidden wa Illinois aliipatia hataza mwaka 1874, ilishusha gharama na kubadili ubishi huo, ingawa nayo ilileta vita vya kukatiana waya.

Mchumi Ronald Coase, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1991, alitumia mfano huohuo wa mfugaji na mkulima wanaopakana katika makala yake ya mwaka 1960. Hoja yake ilikuwa kwamba kama majirani wanaweza kuzungumza na kukubaliana bila gharama, watafikia njia iliyo nafuu kwa wote, iwe ni kujenga uzio, kupunguza mifugo au kuacha kulima mahali fulani, yeyote yule ambaye sheria inamtwisha lawama.

Tatizo ni maneno yale "bila gharama". Mahali ambapo watu wamezika ndugu zao kutokana na mgogoro, kuzungumza kwenyewe kuna gharama kubwa. Mkulima anaogopa kuonekana msaliti, mfugaji anaogopa kuitwa kikaoni kisha akamatwe. Kinachokosekana Rudewa si akili ya kupiga hesabu, bali mahali salama pa kuipigia.

Nchi nyingine zimepunguza gharama hiyo ya mazungumzo kwa kuweka kanuni mapema. New Zealand, kwa sheria yake ya uzio ya mwaka 1978, inawataka majirani wachangie sawa kwa sawa uzio unaotosha mahitaji, na anayetaka kujenga lazima ampe mwenzake taarifa ya maandishi. Katika jimbo la Iowa nchini Marekani, viongozi wa kitongoji hufanya kazi ya wakaguzi wa uzio, na huamua kila jirani ajenge kipande kipi.

Mgawanyo wa sawa kwa sawa unafaa majirani wanaolingana. Rudewa haina ulinganifu huo, kwa kuwa kuna mwenye ng'ombe 20 na mwenye mamia. Mtafiti Robert Ellickson, katika kitabu chake cha mwaka 1991 kuhusu wafugaji wa Shasta, California, alikuta majirani wakigawana gharama kwa uwiano wa mifugo ya kila upande, bila hata kufungua kitabu cha sheria.

Kipimo hicho kinaeleweka kwa urahisi. Tukirudi kwenye mfano wa hatua 700, nusu ya gharama ni Sh1,750,000. Kama upande wa malisho una ng'ombe 500, kila ng'ombe anabeba Sh3,500. Familia yenye ng'ombe 20 italipa Sh70,000, na yenye ng'ombe 100 italipa Sh350,000. Upande wa pili, kila ekari inabeba Sh17,500.

Mfugaji naye ana sababu ya kulipa. Uzio unampunguzia faini, fidia, mifugo kukamatwa na kukatwa mapanga, na watoto kukesha wakichunga mpaka badala ya kwenda shule.

Waya au miti?

Si lazima kila kitu kinunuliwe dukani. Seng'enge ya nyuzi nne kwa hatua 700 inahitaji hatua 2,800 za waya, na nguzo zikiwekwa kila baada ya hatua tatu, zitahitajika kama 234. Nguzo za miti huliwa na mchwa, na waya ambao haukulindwa unaweza kuibwa.

Uzio wa mimea unagharimu nguvu zaidi kuliko fedha. Minyaa hutumika kuonyesha mipaka sehemu nyingi za Tanzania na mifugo haipendi kuila, ingawa utomvu wake ni hatari kwa macho. Mkonge, ambao miche yake si kitu kigeni Kilosa, una miiba mikali ya ncha na ukipandwa kwa karibu unaweza kuwa ukuta. Ubaya wa mimea ni muda, kwani inahitaji misimu kadhaa kabla ya kuzuia ng'ombe.

Njia ya kati ni kuweka waya sehemu zenye hatari kubwa na kupanda mimea kwingineko. Asiye na fedha, kwa mfano mjane wa nusu ekari, achangie miche, nguzo au siku za kazi, na mchango huo uandikwe daftarini kwa thamani yake.

Kusini zaidi katika mkoa huohuo wa Morogoro, upo mfano wa uzio unaojilipa. Huko Mang'ula, kando ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, wakulima wamekuwa wakitumia uzio wa mizinga ya nyuki kuzuia tembo. Tembo si ng'ombe, lakini funzo la kundi ni lilelile. Mizinga inatunzwa kwa pamoja, na asali inawapa watu sababu ya kuurudia uzio kila mara.

Uzio usio na lango

Hatari kubwa kuliko zote ni kujenga uzio unaomfungia mfugaji maji. Kiangazi, nyasi za uwanda zikikauka, mifugo lazima ifike mtoni na kwenye mabonde yenye unyevu. Uzio uliokata njia hiyo hautadumu hata mwezi mmoja, na kukatwa kwake kutaanzisha ugomvi mpya.

Kwa hiyo ramani ya uzio ianze na njia za mifugo, mabirika na majosho, kisha ndipo mashamba yafuate. Njia iwe na upana wa kutosha na izungushiwe pande zote mbili mahali inapopita katikati ya mazao. Malango yawe na ratiba, na ijulikane lini mifugo inaruhusiwa kula mabua baada ya mavuno, jambo ambalo pia huliachia shamba samadi.

Hatari nyingine ni uzio kugeuka kuwa madai ya ardhi. Wilayani humo, mgogoro wa mipaka kati ya kijiji cha wafugaji cha Mabwegere na vijiji jirani ulifika hadi Mahakama ya Rufani. Nguzo iliyochimbiwa leo kwa nia njema inaweza kesho kuitwa mpaka. Mkataba useme wazi kuwa uzio hauhamishi mpaka, na bikoni za wapimaji ziheshimiwe.

Ufanyike nini?

Vyombo vya kufanya kazi hii vipo. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi Namba 6 ya mwaka 2007 inavipa vijiji utaratibu wa kutenga maeneo ya kilimo na malisho. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 inaipa halmashauri ya kijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo, zikishapitishwa na mkutano mkuu wa kijiji na kuidhinishwa na halmashauri ya wilaya.

Kinachohitajika ni kuingiza humo mambo machache: uzio upite wapi, malango yawe wapi, mchango ni kiasi gani kwa ekari na kwa ng'ombe, nani anashika fedha, na nani anakagua. Kwa kuwa mpaka unagusa vijiji viwili, kamati iwe na watu wa pande zote kwa idadi sawa, na akaunti isitolewe fedha bila sahihi ya mkulima na ya mfugaji.

Ukaguzi ufanywe na watu wawili, mmoja kutoka kila upande, wakitembea pamoja mpakani kila wiki. Waya ukikatika kwa bahati mbaya, fedha za mfuko zitumike. Ukikatwa kwa makusudi, aliyekata alipe.

Halmashauri ya wilaya nayo isikae pembeni. Hata ikichangia kiasi kidogo tu, kama vile kupima mpaka, kuchimba lambo upande wa malisho au kutoa miche, itakuwa imepunguza gharama ya kuwakutanisha watu ambao kwa muda mrefu wamekutana polisi na hospitalini.

Mahali pa kuanzia ni padogo. Ni mpaka mmoja wa hatua 700, wakulima wanaofahamiana na wafugaji wanaowafahamu, kabla ya mvua za masika. Wakishindwa, watakuwa wamepoteza Sh17,500 kwa ekari. Hasara ya kuendelea kusubiriana Rudewa imekwishailipa, Desemba mwaka 2000.